Mwenyekiti Mbele ya Zimwi: Matayarisho ya Kikao juu ya Hadithi za Kutisha

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na kazi ndogo tuliyoidhania kuwa nyepesi. Tuliombwa kuwa mwenyekiti wa kikao kimoja katika kongamano la fasihi pendwa mjini Eldoret. Kikao chenyewe kilikuwa cha waandishi watatu wa hadithi za kutisha, na sababu ya kuteuliwa kwetu ilikuwa kwamba nasi tumewahi kutunga hadithi chache za namna hiyo. Waandalizi walitaka maswali manane mapema, ili waandishi wayatafakari. Tuliketi kuyaandika nyumbani, katika mtaa wa Pioneer, na swali la kwanza likaja lenyewe bila kuitwa: Je, wewe mwenyewe unaamini mambo haya?

Tulilitazama swali hilo kwa haya kidogo, maana ndilo tulilozoea kuulizwa na wasomaji wetu, na hatujapata kulijibu vizuri hata mara moja. Tukalifuta. Baada ya muda likarudi kwa sura nyingine: Chimbuko la zimwi lako ni nini? Tukalifuta tena, nalo likarudi likiwa limevaa joho la chuo kikuu: Zimwi hili ni ishara ya nini? Hapo ndipo tulipotambua kwamba maswali yale matatu yalikuwa swali moja. Yote yalitaka kujua kilichojificha nyuma ya hofu. Hakuna lililouliza hofu yenyewe imejengwa vipi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si letu peke yetu. Wengi waliopata kukalia kiti cha kuongoza mazungumzo juu ya vitisho katika Afrika Mashariki, wawe wahakiki, wapelelezi wa riwayani au makamishna wa serikali, wameuliza swali hilo hilo, na kwa ajili hiyo uhakiki wa Kiswahili hauna mpaka leo lugha ya kutosha ya kuzungumzia utisho kama jambo la usimulizi. Hata hivyo, katika kuyatayarisha maswali yetu tuligundua pia kwamba swali lile halikuzuka bure, na kwamba anayelitupa yampasa ajue anatupa nini. Jambo hili la pili ndilo lililotuchelewesha.

Utanzu usio na chumba

Huko Marekani mambo ni tofauti. Wapenzi wa hadithi za ajabu wamekuwa na kongamano lao la kimataifa tangu 1975, na wale wa hadithi za kutisha walijianzishia lao mwaka 1991. Mwenyekiti wa kikao katika mikutano ya namna hiyo huwakuta wasikilizaji waliokwisha kukubaliana juu ya mipaka ya utanzu. Wanabishana tu nani ameingia na nani amebaki nje. Kwetu sisi mipaka yenyewe haijachorwa. Ukifungua vitabu vya uhakiki wa fasihi pendwa ya Kiswahili utakuta riwaya ya upelelezi, riwaya ya mapenzi, riwaya ya uhalifu. Hadithi ya kutisha haina chumba chake. Hulala sebuleni, leo kwa upelelezi, kesho kwa hadithi za watoto, na ikibahatika kuandikwa na mtunzi mwenye jina kubwa huhamishiwa kwenye uhalisiajabu na kuvishwa nguo za heshima.

Si kwamba kazi zenyewe hazipo. Katika filamu za video za Tanzania, kwa mfano, utanzu huu ulishamiri sana katika mwongo wa kwanza wa karne hii, na Shumileta ya Mussa Banzi ilitazamwa na watu wengi kuliko watakaowahi kuisoma riwaya yoyote tutakayoitaja hapa. Uhakiki ndio uliochelewa.

Lugha yenyewe ingeweza kutusaidia. Kitenzi 'tisha' ni kitenzi elekezi: palipo na anayetisha pana anayetishwa, na hata tunaposema tu kwamba giza linatisha, mtendwa yumo, tumeacha kumtaja kwa kuwa ni sisi. Tena kitenzi hicho hicho hubeba maana ya kumwogofya mtu ili atende au asitende jambo. Mwenye nyumba humtisha mpangaji. Serikali huwatisha wapinzani. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, hofu si hali ya moyo inayoelea hewani bila mwenyewe. Ni tendo, lina mtenda na mtendwa, na kwa kawaida lina faida kwa mmoja wao. Swali la 'zimwi ni ishara ya nini' halimtaji hata mmoja wa hao wawili.

Chemosit na wawindaji wake

Tuanze karibu na nyumbani, na tupite haraka, maana jambo hili limekwisha kuandikwa sana na watu wa fani nyingine. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, alieleza habari za Chemosit: nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja, anayejiegemeza kwa fimbo mfano wa mkuki, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Yeyote aliyepata kutembea gizani katika nyanda hizi za juu, akaona taa moja mbali na asijue ni ya nani, ataona mara moja ubora wa usanii huo. Mwanga, ambao kwa msafiri ni dalili ya nyumba na chakula, umegeuzwa kuwa mdomo.

Walowezi wa Kizungu waliofika Uasin Gishu miaka hiyo walisikia habari hizi, na mwaka 1912 makala yalichapishwa katika jarida la wanasayansi wa viumbe wa Afrika Mashariki kuhusu mnyama asiyejulikana wa Uasin Gishu. Baadaye wakamwita dubu wa Nandi, wakamtafuta kwa bunduki. Sisi hatuwacheki. Waliuliza 'ni nini hasa?' kwa namna walivyojua kuuliza, yaani kwa kutafuta ngozi na fuvu. Lakini mdomo unaong'aa kama taa hauna fuvu, na katika habari za dubu taa ile imezimika.

Bwana Msa na mahali pasipokamatika

Mtunzi aliyelileta suala hili ndani ya riwaya ya Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki la miaka ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, inajulikana kwa kila mwanafunzi kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili. Maiti inaonekana mahali penye mzimu, watu wanahofu, Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, anafika, anauliza, anafikiri, na mwishowe inadhihirika kwamba mkono uliotenda ulikuwa mkono wa mtu. Wahakiki wengi wameridhika kusema kwamba Abdulla alimwiga Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na kwamba mzimu ni chambo tu cha kumnasa msomaji. Kweli Doyle mwenyewe alilifanya jambo hilo katika riwaya yake ya 1902 juu ya mbwa wa ukoo wa Baskerville, na kabla yake Ann Radcliffe wa Uingereza alikwisha kulizoesha mwishoni mwa karne ya 18: kumtisha msomaji kwa kurasa mamia, kisha kumfungulia dirisha aone kwamba ilikuwa pazia na upepo.

Nasi tulikuwa na msimamo huo kwa miaka mingi. Tulimsoma Abdulla kama mtu aliyeogopa kuogopesha. Lakini tuliporudia riwaya yake kwa ajili ya kikao hiki, tulikwama kwenye jina lake. Neno 'mzimu' katika Kiswahili lina maana mbili zinazoishi pamoja bila ugomvi: ni roho ya aliyekufa, na ni mahali penyewe ambapo roho hizo hukaa na kuletewa sadaka. Bwana Msa anaushinda mzimu kwa maana ya kwanza. Anathibitisha kwamba hakuna roho iliyoua. Mzimu kwa maana ya pili haushindi, wala hajaribu. Mpelelezi anaweza kumkamata mtu. Hawezi kukamata mahali. Riwaya inapokwisha, muuaji amejulikana na kitendawili kimeteguliwa, lakini pale mahali papo pale, na watu wataendelea kupita mbali napo.

Mambo ni hayo hayo katika Kisima cha Giningi (1968). Giningi katika imani za Waunguja ni makutano ya wachawi, na mtunzi aliposhika jina hilo alijua analoshika. Ufumbuzi wa Bwana Msa unahusu mauaji. Giningi ya masimulizi haikupungukiwa na kitu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba riwaya za Abdulla zisomwe kama kazi zenye miisho miwili: mwisho wa upelelezi, ambao umefungwa kwa kufuli, na mwisho wa utisho, ambao umeachwa wazi kwa makusudi. Mhakiki aliyezoea kuuliza 'ni nini nyuma yake?' hufurahishwa na kufuli asione mlango wa pili.

Hapa yafaa tutaje nadharia ya Tzvetan Todorov ya mwaka 1970, ambayo wanafunzi wetu huinukuu mno. Kwake yeye, fantasia hudumu muda ule tu ambao msomaji anasitasita kati ya maelezo ya kimaumbile na maelezo yaliyo nje ya maumbile. Akichagua upande, imekwisha. Nadharia hii ni nzuri kwa msomaji ambaye njia hizo mbili zimemkataza kuzipita zote kwa wakati mmoja. Jirani yetu wa Pioneer anayempeleka mgonjwa wake Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi asubuhi, na usiku akamwitia watu wa maombi, hasitisiti. Anashika yote mawili kwa mikono miwili, na angeshangaa kuambiwa achague. Fasihi iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa namna hiyo haiwezi kupimwa kwa kusitasita. Yapasa ipimwe kwa namna inavyomwezesha kubeba mizigo miwili bila kuuweka mmoja chini, na hilo ndilo Abdulla alilifanya katika miisho yake miwili.

Kwa nini babu?

Riwaya za baada ya 1990 zilimleta msomaji wa Kiswahili katika ulimwengu mwingine. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila: kazi hizi zimejaa wafu wanaosema, safari zisizo na ramani, na sura zinazobadilika mbele ya macho. Uhakiki ulizipokea kwa shangwe, na kwa haki. Lakini ulizipokea kama fumbo. Mzuka ni ukoloni mamboleo. Jitu ni utandawazi. Safari ni utafutaji wa ukweli. Tumesahihisha tasnifu nyingi za namna hiyo, na hatukumbuki hata moja iliyosema kwamba mwanafunzi aliyeiandika aliogopa.

Tuchukue Babu Alipofufuka. K, mtu mwenye cheo na anasa, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa, naye anamchukua na kumwonyesha asiyotaka kuyaona. Wahakiki wamesema kwamba babu ni historia inayomshitaki mtawala wa baada ya uhuru, na hatuna neno juu ya hilo. Tunauliza tu: kwa nini babu? Kwa nini mtunzi hakumleta baba, au mpigania uhuru, au umati wa maskini?

Jibu tunaloliona limo katika ujamaa wetu. Baba huamuru, na mwana aweza kuasi. Babu na mjukuu ni watani. Babu ana ruhusa ya kumdhihaki mjukuu, kumwita mume mwenza, kuingia chumbani kwake bila hodi na kukaa kitandani. Mzuka wa babu, kwa hiyo, unakuja na haki ambayo hakuna mzuka mwingine anayo: haki ya ukaribu. K hawezi kumfukuza, kwa kuwa mila zote alizolelewa nazo zinamwambia kwamba huyu si mgeni. Hapo ndipo damu inaposimama. Waswahili walikwisha kulisema katika methali ya zimwi likujualo, ambayo kwa kawaida hufafanuliwa kama faraja, kwamba lile likujualo halitakula likakumaliza. Isomwe tena polepole. Haisemi kwamba halitakula. Inasema litabakiza.

Mzuka wa Said Ahmed Mohamed ni zimwi linalojua, linalokula na kubakiza, na usanii huo hauonekani kabisa pale tunapokimbilia kutafsiri. Tafsiri ya kisiasa ni sahihi kwa sababu utisho umefanya kazi yake kwanza. Bila utisho K angekuwa anasikiliza hotuba.

Ushuhuda

Kuna fani moja ya utisho ambayo haikusubiri wahakiki. Nayo ni ushuhuda. Habari za mumiani, wanyonya damu wa kuajiriwa, zilienea kutoka pwani mpaka Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni. Neno lenyewe limo katika kamusi ya Johnson ya 1939, na Luise White aliandika kitabu kizima juu ya masimulizi hayo mwaka 2000. Mwaka 1995 popobawa alizuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Katika habari za popobawa kulikuwa na sharti moja linalompasa kila mwanafunzi wa usimulizi kulikumbuka: aliyeshambuliwa hana budi kuwasimulia wengine, ama sivyo atarudiwa. Hatujui fani nyingine ya fasihi iliyoeleza kwa ukali kiasi hicho kwa nini hadithi husimuliwa. Msimulizi hasimulii ili kuburudisha wala kufunza. Anasimulia ili asirudiwe, na kila anayemsikiliza anakuwa sehemu ya kinga yake.

Katika Kenya ya miaka ya 1990 ushuhuda ulipata mwenyekiti rasmi. Kijitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni, kilichotoka mwaka 1987 na kueleza jinsi mwandishi alivyotumikia nguvu za giza kabla ya kuokoka, kilikuwa kimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa shule za bweni. Tunawajua watu wazima wenye shahada ambao mpaka leo wakiona paka usiku hukumbuka kurasa za kitabu hicho. Hofu ya ibada ya shetani ilipozidi, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya uchunguzi mwaka 1994 chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Tume ilikusanya ushahidi, ikakabidhi ripoti yake mwaka 1995, na ripoti hiyo haikutolewa hadharani mpaka 1999.

Tunakuomba, msomaji, uitazame tume hiyo kwa jicho la mhakiki wala si la mwanasheria. Hapa palikuwa na kikao juu ya vitisho, pengine kikubwa kuliko vyote vilivyopata kufanyika katika nchi hii. Palikuwa na mwenyekiti, wasimulizi, na hadhira ya taifa zima. Swali lililotawala lilikuwa lile lile: yapo au hayapo? Na kwa kuwa swali lilikuwa hilo, kila simulizi iliyoletwa ililazimika kuvaa vazi la ushahidi, na simulizi ikishavaa vazi hilo haiwezi kuulizwa juu ya fani yake. Hakuna aliyeweza kumwuliza shahidi, bila kumtukana, kwa nini simulizi yake inafanana mno na kijitabu cha Eni. Ripoti ikakaa kabatini miaka minne, na kwa kukaa huko ikawa yenyewe ni hadithi ya kutisha iliyo bora kuliko yoyote iliyokuwa ndani yake, kwa kuwa kila mtu aliweza kuijaza kwa alilolihofu.

Tulipofika hapa tulidhani maswali yetu yamekamilika. Tulikwisha kuandika kwa kujiamini kwamba mwenyekiti mwema hatauliza kamwe kama zimwi lipo; atauliza linasimuliwaje. Kisha tukasoma miswada ya waandishi wetu watatu.

Daftari la Kisii

Mswada wa pili ulikuwa wa mwandishi kutoka Gusii. Unasimulia juu ya kikongwe mmoja, moto wa jikoni, na daftari. Tulijua daftari hilo lilikotoka. Mwezi Mei 2008, katika wilaya ya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Iliripotiwa wakati huo kwamba wanakijiji walidai kulipata shuleni daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo katika eneo la Marani, Kisii hiyo hiyo. Unguja pia, katika mwezi wa Aprili 1995, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa popobawa.

Daftari hilo lilitusumbua kuliko tunavyoweza kueleza katika jarida. Kumbukumbu za mkutano! Yaani ajenda, waliohudhuria, pengine hata mwenyekiti. Mtu aliyeliandika, awe nani, alijua fani. Alijua kwamba uchawi ukisimuliwa kwa mdomo ni uvumi, na ukiandikwa kwa mtindo wa katibu wa kamati ni ushahidi. Kwa vigezo vyetu vya usimulizi, vile tulivyovijenga kwa furaha katika kurasa zilizotangulia, hiyo ilikuwa kazi iliyofaulu. Ilitisha, na wazee 11 wakafa.

Je, wazee wale wangehitaji nini kutoka kwa mhakiki? Wangehitaji Bwana Msa. Wangehitaji mtu mwenye kiko, mwenye kuudhi kidogo kwa ujuaji wake, asimame katikati ya umati na kuuliza: nani ameliandika daftari hili, kwa mwandiko gani, na anamdai nini kikongwe huyu? Swali la 'ni nini hasa nyuma yake?', ambalo tulilidharau kama swali la walowezi na makamishna, lilikuwa ndilo swali pekee lingeweza kuwaokoa. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, kwa mapungufu yake yote, ilikwisha kuona kwamba kumtuhumu mtu kwa uchawi ni kosa pia. Nasi tulikuwa tumekaa Pioneer tukiandika kwamba lisiulizwe.

Tunalazimika, kwa hiyo, kurekebisha tuliyoyasema juu ya Abdulla. Tulimsifu kwa kuuacha wazi mlango wa pili. Lazima tumsifu vile vile kwa kuufunga ule wa kwanza. Yeye aliandika katika jamii ambamo tuhuma ya uchawi inaweza kumwangukia jirani, na akaamua kwamba katika riwaya zake mahali patabaki na hofu yake, lakini mauaji yatafutiwa mkono wa binadamu. Kwa maneno mengine, alitenganisha kutisha na kutuhumu. Mwandishi wa daftari la Kisii aliviunganisha. Ukitazama fani peke yake watu hawa wawili wako karibu sana, na huo ukaribu ndio ambao uhakiki wetu hauna bado istilahi ya kuueleza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa kikao kinachofanyika Eldoret. Kanisa la Kiambaa, lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 na ambamo makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walipoteza maisha, lilikuwa nje kidogo ya mji huu. Katika ukumbi wetu watakuwamo watu ambao nyumba inayowaka na watu ndani si pambo la sura ya mwisho. Tumeona miswada, si ya watatu hawa tu, inayotumia moto huo kwa wepesi. Tumeona pia mingine inayouepuka kabisa ikajaza majini ya kukopa, na kwa kweli hatujui ipi imewakosea zaidi wasomaji wa hapa.

Maswali yaliyobaki

Orodha tuliyowapelekea waandalizi ina maswali matano badala ya manane. La kwanza: ni nani anayesimulia hadithi yako, naye amepataje kubaki hai hata akasimulia? La pili: zimwi lako lina ukaribu gani na mtu linalomtisha; ni babu yake, mpangaji wake, au mgeni? La tatu linahusu mahali, na tumelikusudia kwa mwandishi wa kwanza, ambaye mswada wake una nyumba nzuri sana na zimwi hafifu. La nne: je, hadithi yako ikitolewa jalada na jina la mtunzi, ikaachwa shuleni katika daftari, itamdhuru nani? La tano ni la kawaida, juu ya wachapishaji, na kila mtu atalijibu kwa malalamiko.

Swali la kuamini tumeliacha nje. Tunajua litatoka ukumbini katika dakika tano za kwanza, kwa mtu wa safu ya mbele aliyekuja kwa ajili hiyo tu, na hatutamnyamazisha. Tumekwisha kukubaliana na waandishi kwamba likitokea atalijibu yule wa pili, kwa kuwa kati yetu wanne ndiye pekee aliyelelewa na nyanya ambaye majirani walimwita mchawi.